Nyimbo Kumi na Mbili za Baba Shiko

Kila asubuhi nikisali huanza kwa kumshukuru Mungu kwa watoto, kwa afya na kwa paa lisilovuja, kisha namshukuru kwa suruali ya Jeconia Oluoch iliyopasuka. Watu wakinisikia hucheka. Wacheke. Mimi najua ninachosema, na nitakueleza, ila usinikimbize, maana habari yenyewe ni ya mume wangu na mume wangu si mtu wa kuelezwa haraka.

Jina lake ni Zacharia Ndegwa. Mimi humwita Baba Shiko, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka ishirini na miwili amefanya kazi katika kiwanda cha kusindika matunda huko Eneo la Viwanda Thika, upande wa mashine za kufunga mikebe. Ni fundi wa kweli. Mashine ikianza kusumbua huweka kiganja juu ya bati, akatulia kidogo, akakuambia ni nati gani imelegea. Tunaishi Witeithie kwenye ploti yetu, nyumba ya vyumba vitatu, na mbele karibu na barabara kuna kibanda changu cha ushonaji. Nina cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga, na hiyo ya kukanyaga ndiyo ninayoipenda.

Sasa gitaa. Alilinunua kwa mwalimu mmoja wa Ruiru aliyekuwa akihama, mwaka ambao Shiko alikuwa darasa la tano. Lilikuwa na nyuzi nne badala ya sita, mbili alizinunua baadaye, na shimo dogo ubavuni ambalo alilifunika kwa kibandiko cha embe kutoka kazini. Hakuwa na mwalimu na hakutaka mwalimu. Aliweka DVD za wapiga mugithi, muziki wa gitaa wa Kikuyu, akasimamisha picha, akasogea mpaka pua ikagusa televisheni, akahesabu vidole vya yule mtu viko wapi. Vidole vyake mwenyewe vilitoka damu, akavifunga plasta na kuendelea. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na wimbo mmoja. Baada ya miaka sita alikuwa na kumi na mbili, na mimi, licha ya mdomo wangu, nilijivunia sana.

Halafu akakwama.

Kwa miaka tisa hakuongeza hata wimbo mmoja. Saba za kanisa, nne za mugithi na moja ya kuimbia watoto siku ya kuzaliwa, basi. Nilizijua mpaka makosa yake. Katika wimbo wa tano, ubeti wa pili, kidole chake cha mwisho kilikuwa kinateleza, na nikiwa jikoni nilijua kwamba kikiteleza ndipo chapati imeiva upande mmoja. Hakuwa mvivu. Alipiga kila siku akitoka kazini, saa nzima, uso umekunjamana, na kila siku alifika palepale. Wakati mwingine nilimsikia akijiambia polepole, "Ni nini hapa? Ni nini hapa?" na nilimhurumia, ingawa sikumwambia.

Jambo jingine, nyimbo zote kumi na mbili zilianzia mahali pamoja. Yeye alipaita G, jina la sauti moja ya gitaa. Aliyetaka kuimba na Baba Shiko ilibidi amfuate huko huko G. Kanisani kwetu mama yeyote anaweza kusimama akaanzisha wimbo, na anauanzisha pale koo lake lilipoamkia siku hiyo. Wapiga gitaa wengine humkimbilia mpaka wampate. Wangu alikuwa anainua mkono kama polisi wa trafiki na kusema, "Ngoja, mama. Anzia hapa." Wamama walitii, huku wakinong'ona, na nyimbo nyingine zikafikia mwisho watu wakipiga mayowe kwa sababu sauti ilikuwa juu kupita kiasi.

Siku moja alimfanyia hivyo mama yangu.

Mama yangu ni Beth, na kwa kuwa ana wajukuu kumi na mmoja kila mtu humwita Cucu Beth. Anaishi Ruiru, upande wa Kimbo. Ni mwimbaji, tena si wa kubahatisha. Kukiwa na ruracio, sherehe ya kuleta posa, yeye ndiye huitwa aongoze gitiro, zile nyimbo za wamama wa Kikuyu ambapo mmoja anaita na wengine wanaitikia, na maneno yanatungwa hapo hapo kulingana na nani amekuja na ametoka wapi. Lakini siku hiyo haikuwa ya gitiro. Ilikuwa ibada ya kumkumbuka baba yangu, mwaka mmoja baada ya kumzika. Mama alisimama kando ya picha ya baba, akaanza wimbo wa kanisa ambao mzee aliupenda. Alianza chini sana, karibu aseme tu. Alikuwa amefika mstari wa pili mume wangu alipoinua mkono mbele ya watu wote.

"Mama, ngoja kidogo. Hapo siyo. Anzia hapa." Akapiga G yake.

Mama alingoja. Alimtazama yeye, akalitazama gitaa, kisha akarudi kwenye kiti chake akaketi. Mtu mwingine akaanzisha wimbo mwingine.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana mpaka karibu kuogopana. Kumkatiza mbele ya watu, tena akimlilia mumewe, ni jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona kwa macho yangu. Na kibaya zaidi, hakujua amekosa. Tuliporudi nyumbani nilimfokea mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini nilikuwa namsaidia," akasema. Mama hakulalamika hata siku moja. Aliendelea kumkaribisha, kumpakulia na kumuuliza habari za kazi. Ila tangu siku hiyo, palipokuwa na gitaa la Zacharia, Cucu Beth hakuimba. Miaka sita yote.

Sasa umejua tulikuwa wapi Agosti ya mwaka jana, Shiko alipokuja kutuambia kwamba watu wa Simeon, mchumba wake kutoka Murang'a, wangekuja kwetu Desemba kwa ruracio. Shiko anauza katika duka la dawa Thika na ana hasira zangu zote. Alikaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, mahali ambapo nimemkataza kukaa tangu akiwa mdogo.

"Mum, nataka vitu mbili tu. Cucu aimbe gitiro kwa gate, na Dad apige gitaa."

"Sawa. Cucu ataimba asubuhi, baba yako apige jioni watu wakikula."

"Zii. Pamoja. Same time."

"Gitiro haina gitaa, Shiko."

"Hii itakuwa na gitaa. Kwani ni ruracio ya nani?"

Alienda Ruiru mwenyewe kumwomba nyanya yake. Alirudi jioni. Cucu Beth alikuwa amempa jibu, naye Shiko alitukariria neno kwa neno: "Mwambie baba yako apige. Lakini akinisimamisha hata mara moja, nachukua fimbo yangu narudi Ruiru. Hiyo mbuzi yenu mtakula bila mimi."

Mama yangu hatishi watu ovyo. Akisema ataondoka, ataondoka. Na bibi mzaa mama akitoka kwenye ruracio kabla wageni hawajaingia langoni, wageni watajiambia nini? Watasema msichana hana baraka za kwao. Nilimwambia Baba Shiko akatae, asingizie mkono unauma, asingizie shifti. Hapana.

"Huyo mtoto hajawahi kuniomba kitu kama hii," akasema. "Nitajifunza."

Akajifunza kwa njia aliyoijua. Alitaka gitiro iwe wimbo wa kumi na tatu. Aliniweka kitini jioni, nikaimba, akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Hapo umebadilisha."

"Gitiro hubadilika, Baba Shiko."

"Sasa mimi nishike wapi?"

"Shika pale niko."

"Wewe hukai mahali pamoja!"

Wiki tatu tuligombana hivyo. Akaenda akapata rekodi ya Cucu Beth kwenye simu ya mtu, ya ruracio fulani huko Juja, akaikariri yote, kila pumzi. Nilimwona akicheka peke yake kwa furaha. Kisha akapata rekodi nyingine ya mama huyo huyo, wimbo huo huo, na humo alikuwa ameanzia mahali pengine kabisa na kwenda kwa mwendo mwingine. Baba Shiko aliisikiliza mpaka mwisho. Alilitia gitaa kwenye mfuko wake, akafunga zipu, akaja nalo kibandani kwangu na kulitundika kwenye msumari ninaotundikia nguo zilizokwisha kushonwa.

"Mwambie Shiko atafute DJ," akasema.

Nitasema ukweli, siku tatu za kwanza nilifurahia utulivu. Baada ya wiki niliuchukia. Alikuwa anarudi kutoka kazini, anakula, kisha anakaa akivitazama vidole vyake. Nilikuwa nimemwomba Mungu amnyamazishe, na sasa sikujua nimwombe nini.

Ndipo suruali ya Oluoch ikapasuka.

Oluoch ni mtu wa Siaya, mpakiaji wa makatoni katika kiwanda hicho hicho, na anakaa ploti ya nne kutoka kwetu. Tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Siku hiyo ya Oktoba aliinama kuinua katoni na suruali ikaachana kutoka kiuno mpaka chini. Alifika kibandani amejifunga koti kiunoni, anatembea kama mwenye jipu. Nikampa leso ajifunge nyuma ya pazia, nikachukua suruali na kuketi kwenye cherehani ya kukanyaga. Akatoka na leso yangu ya maua, akaketi, akaliona gitaa.

"Shemeji, hii ni ya nani?"

"Ya mzee. Miaka minane mnafanya kazi pamoja, hajakuambia?"

"Ameniambia sana," akasema, akicheka. "Hajawahi tu kuniuliza kama mimi pia napiga."

Hilo lilinichoma, kwa sababu nilimjua mume wangu. Oluoch alilitoa gitaa, akazikaza nyuzi moja moja, akaegemeza kichwa. Mimi nikaanza kukanyaga. Sikugundua mara moja. Nilikuwa nimeshona kipande kirefu kabla sijasikia kwamba gitaa lilikuwa linafuata mguu wangu, linakwenda mwendo wa cherehani. Nikafika kwenye kona, nikapunguza mwendo, naye akapunguza. Nikasimama kukata uzi, na yeye hakunyamaza wala hakunipita. Aliweka sauti moja ndogo, akairudia polepole, akaningoja. Nikakanyaga tena, tukaondoka pamoja. Jamani, nilifanya makusudi. Nilisimama mara tano. Ile suruali ina mishono mitatu pale mmoja ungetosha.

Nilipoinua macho, Baba Shiko alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kazini. Mwanamume mwingine amejifunga leso ya mke wake, ameshika gitaa lake. Mtu mwingine angeuliza swali jingine. Yeye aliuliza, "Ulijuaje atasimama?"

"Sikujua," akasema Oluoch. "Nilingoja."

Baba Shiko akavuta kiti. Oluoch akatueleza kwamba ujanani alipiga gitaa katika bendi ya benga, muziki wa Waluo, wakizunguka masoko ya kwao. Hakuwa wa mbele. "Nilikuwa second. Wa mbele ndiye anasifiwa. Kazi ya second ni kungoja mwenye kuimba. Akikohoa, unangoja amalize. Akilewa, unatembea na yeye polepole mpaka nyumbani."

"Mimi nilijifundisha mwenyewe," akasema Baba Shiko. Ndivyo alivyosema kila mara mtu alipokaribia kumshauri.

"Na ulijifundisha poa sana, Ndegwa. Lakini hiyo miaka yote kumi na tano umepiga na nani?"

Niliuma uzi kwa meno na kunyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi ngumu.

Oluoch hakumfundisha wimbo wowote. Jioni ya kesho yake alikuja na koleo ndogo, akatoa nyuzi tano, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa koti lake. "Nitarudisha moja moja," akasema. Gitaa likabaki na uzi mmoja, na fundi wa mashine mwenye miaka hamsini na mitatu akaambiwa afuate kila kitu kinacholia. Muuza maparachichi akipita akiita, amtafute kwenye uzi. Lango la jirani likilalama, alitafute. Birika, honi za malori, jogoo wetu. Wateja wangu walidhani ana shida. Mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba kuna mchungaji Juja anayeombea watu wa namna hiyo.

Kila jioni Oluoch alifumba macho, akatoa sauti yoyote kutoka kooni, mahali popote alipotaka, na Baba Shiko alipaswa kumpata. Mwanzoni alichukua muda mrefu, jasho likimtoka, na mara mdomo wake ukasema lile neno lake.

"Ngoja, Oluoch."

Oluoch akapiga makofi. "Hilo neno hapana! Huwezi ambia mwenye kuimba angoje. Wewe ndiye unangoja."

Baada ya siku kumi uzi wa pili ukarudi. Baada ya wiki nyingine, wa tatu. Na ilikuwa ni wakati wa nyuzi tatu, jioni moja nikipima kitambaa, aliponiuliza bila kuinua kichwa, "Mama Shiko, siku ile ya mzee, mama yako alikuwa ameanzia wapi?"

Sikuhitaji kufikiri. Nilikuwa nimeibeba sauti hiyo miaka sita. Nikaimba mstari wa kwanza chini, vile mama alivyoanza. Kidole chake kikatembea juu ya uzi mnene, kikarudi nyuma kidogo, kikasimama. Ilikuwa hapo. Akaipiga tena, na tena.

"Ilikuwa hapa tu," akasema. "Hakuwa amekosea. Alikuwa hapa tu, na mimi nikamnyamazisha."

Akalia. Sikumwona akilia hata tulipomzika baba yake. Niliacha mkasi nikaenda nikasimama nyuma yake, nikaweka mikono mabegani mwake, na kwa mara ya kwanza tangu siku hiyo hasira yangu kwake ikaisha yote. Ningekuwa nimemshukuru Mungu kwa hilo peke yake, hata kama asingejua kupiga kitu kingine tena.

Lakini alijua. Nyuzi zote sita zilirudi katikati ya Novemba, na Jumapili moja alasiri nilikuwa nashona nguo za wasichana wa kumsindikiza Shiko, nikiimba ndani ya pua kama kawaida yangu, bila kujua ninaimba. Ghafla nikagundua siko peke yangu. Gitaa lilikuwa nami. Nikapanda juu kidogo. Likanyamaza, likangoja, likanikuta. Nikahama wimbo katikati, akahama. Miaka ishirini na saba ya ndoa, mimi ndiye niliyekuwa namfuata mtu huyu, na leo alikuwa ananifuata. Sikugeuka, maana ningegeuka ningeharibu. Nilishona mkono wa gauni kwenye shingo na kulazimika kuufumua.

Siku ikafika. Tulipiga tenti mbili kwenye ploti, lango likafungwa kama ilivyo desturi, na nje wageni wa Murang'a wakaanza kuimba wakiomba kufunguliwa. Cucu Beth alikuwa ndani ya lango na wamama wetu nyuma yake. Ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa na fimbo yake mkononi, na mimi niliitazama fimbo hiyo kuliko nilivyomtazama binti yangu. Baba Shiko alikaa kando ya nguzo ya lango kwenye kiti cha plastiki. Oluoch, ambaye nilimshonea suti kwa shukrani, alijifanya anachunguza sufuria za njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe.

Mama hakumsalimu Zacharia kwa neno. Alimtikisia kichwa tu. Kisha akaanza, tena akaanzia chini sana, chini kuliko nilivyowahi kumsikia kwenye gitiro. Namjua mama yangu. Alikuwa amepachagua.

Mkono wa mume wangu haukusogea. Mstari wa kwanza, kimya. Wamama wakaitikia, kimya. Mstari wa pili, kimya. Ngai, nikasema moyoni, amekwama, amekwama mbele ya watu wote hawa. Shiko alikuwa dirishani na nikaona vidole vyake vimeshika pazia. Mama akaita kwa mara ya tatu, na ndipo gitaa likaingia, polepole, chini yake, mahali pale pale alipokuwa.

Mama akaendelea kama hakuna kilichotokea. Ubeti uliofuata akaupandisha. Gitaa likanyamaza, likangoja, likamkuta. Akapandisha tena, huyo mwanamke! Likamkuta. Wamama wakaanza kutabasamu huku wakiitikia, na nje wageni wakanyamaza wasikie.

Kwenye ubeti wa sita, akiwataja wageni kwa milima walikotoka, pumzi ilimkatikia. Akaweka mkono kifuani. Wamama hawakujua waitikie au waache. Nikaanza kumkimbilia na kiti. Lakini gitaa halikuwa limenyamaza. Lilikuwa na sauti moja ndogo, likiirudia chini chini, kama alivyofanya Oluoch nilipokuwa nakata uzi. Halikumhimiza wala halikumpita. Mama akapumua mara tatu, akajifuta mdomo kwa leso, akamtazama mkwe wake kwa muda. Kisha akarudi kwenye wimbo, si pale alipouachia bali pengine alipopataka yeye, na Zacharia alikuwa hapo.

Ngemi zilizopigwa, vile vigelegele vyetu, majirani wa ng'ambo ya barabara walizisikia. Lango likafunguliwa. Shiko alikuja akimkimbilia baba yake akilia mpaka vipodozi vyote vikaharibika, akisema, "Dad, umeniua, umeniua kabisa," na baba yake akampiga mgongoni taratibu bila kujua aliweke wapi gitaa. Oluoch alikuwa bado kwenye sufuria, ametupa mgongo. Nilimwendea nikamwambia asante, na nilitaka kuongeza mengi, lakini nilichoweza ni kumwambia asiiname sana na hiyo suruali mpya.

Mchana, wageni wakila, mama aliniita nimletee Zacharia. Alikuwa amekaa pembeni ya tenti, kikombe cha uji mkononi, fimbo imelala chini. Mume wangu akaja, akasimama mbali kidogo kwa heshima, gitaa bado mkononi.

"Zacharia," akasema mama.

"Ii, maitu," akaitika, yaani ndiyo, mama.

"Ile ya mzee hatukumaliza."

Mume wangu akaketi chini kwenye nyasi kando ya kiti cha mama, mwanamume mzima ndani ya suti, akaweka gitaa kwenye goti.

"Nisamehe, mama," akasema. "Imba tu. Anzia pale unataka."

Mama akaweka kikombe chini. Hakuanza mwanzoni. Alianza na mstari wa pili, chini sana, karibu aseme tu, pale pale alipokuwa amesimamishwa miaka sita iliyopita. Baba Shiko akangoja kidogo, kisha akamfuata.